Likinunuliwa ni bati, likiuzwa ni fedha: tusome kilichoandikwa chini ya vyombo vyetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo lililotufika nyumbani kwetu, kwa kuwa naamini limezifika nyumba nyingine nyingi za Mji wa Kale, na wenyewe wamenyamaza kwa kuona haya.

Mama yetu alipofariki tuligawana vyombo vyake vya kabatini. Mdogo wangu wa kiume alipata buli la chai, bakuli la sukari na sinia kubwa la mikono miwili, na mimi nikapata jagi dogo la maziwa la seti hiyo hiyo. Marehemu baba alivinunua mnadani, kwa Wazungu waliokuwa wakifungasha kurudi kwao miaka ya uhuru, na tangu hapo vikawa vyombo vya Idi na vya kupokea posa, siku nyingine hatukuruhusiwa hata kuvigusa. Mwaka huu mdogo wangu alibanwa na karo za watoto, akavichukua vyake vitatu akavipeleka kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Mnunuzi alivigeuza, akavipima kwa mkono, akasema kwamba hiyo si fedha, ni bati lililopakwa, kisha akamlipa kwa kilo kama anavyolipwa mtu aliyeleta vyuma chakavu. Wiki ya tatu nikapita mbele ya duka hilo hilo, nikaliona buli la mama nyuma ya kioo. Nililitambua kwa kibonyeo kilicho karibu na mdomo wake, ambacho nilikifanya mimi mwenyewe nilipoliangusha nikiwa na miaka tisa. Pembeni yake palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwamba ni fedha halisi ya Kiingereza, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara kumi na tano ya pesa alizolipwa mdogo wangu kwa vyombo vyote vitatu.

Sikusudii kulitaja duka hilo, wala siandiki ili mtu afungiwe biashara yake. Ninachotaka wasomaji wako wakijue ni kwamba kauli zote mbili zilikuwa za uongo, ile ya kununulia na ile ya kuuzia, na kwamba ukweli ulikuwa umegongwa chini ya buli lenyewe kwa herufi nne ambazo sisi tuliokula na kunywa kwazo miaka yote hatukuwahi kuuliza maana yake.

Herufi hizo ni E, P, N na S. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya chombo cha fedha ya nikeli kilichochovywa kwa umeme, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu kile kinachoitwa fedha ya nikeli hakina hata chembe ya fedha ndani yake. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, uliopewa jina hilo kwa weupe wake tu, na Wajerumani wanauita Alpaka. Juu ya mchanganyiko huo ndipo inapolazwa fedha safi, kwa tabaka ambalo hata likiwa zuri huwa jembamba kuliko unywele. Kwa hiyo buli la mama si bati, na pia si fedha tupu. Ni fedha ya kuchovya, kama vile tunavyosema mkufu wa dhahabu ya kuchovya, na jina hilo tunalo tayari katika lugha yetu wala hatuna haja ya kuliazima.

Kazi hii ya kuchovya ina historia inayomsaidia mtu kujua umri wa alichonacho. Mapema katika miaka ya 1740, fundi wa visu wa mji wa Sheffield aitwaye Thomas Boulsover aligundua kwamba bamba la fedha likilazwa juu ya shaba na kupashwa moto hushikana nayo, na yakipitishwa kwenye mashine ya kusukumia hutandazika pamoja kama kitu kimoja. Vyombo vilivyotengenezwa hivyo kwa karibu miaka mia moja ndivyo vinavyothaminiwa sana leo na wakusanyaji, na dalili yao ni wekundu wa shaba unaochungulia pale fedha ilipolika, pamoja na ukingo uliokunjwa au kufunikwa kwa uzi wa fedha ili shaba ya katikati isionekane. Kisha mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham wakapata hataza ya kuchovya kwa umeme, wakitumia dawa ya sayanidi ambayo daktari mpasuaji wa mji huo, John Wright, aligundua kwamba ndiyo inayoifanya fedha ikae sawasawa. Chombo kinaning'inizwa ndani ya dawa hiyo, upande wa pili kinawekwa kipande cha fedha safi, umeme unapitishwa, na fedha inatoka kwenye kipande inakwenda kukivaa chombo. Ile njia ya zamani ikafa baada ya muda si mrefu. Huko Ufaransa Charles Christofle alinunua haki ya kutumia njia hiyo mwaka 1842, na jina lake lingali linagongwa kwenye vijiko na uma mpaka leo.

Sasa mtu akiwa na chombo mkononi aanze kwa kukipindua chini, au kwa kijiko na uma aangalie nyuma ya mpini, akitumia kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani, kwa sababu mihuri hiyo ni midogo na aghalabu imejaa uchafu wa dawa ya kung'arishia. Fedha tupu ya Kiingereza, yaani ile yenye sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, hupigwa mhuri wa simba anayetembea, pamoja na alama ya mji ilikopimwa: kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, na taji kwa Sheffield hadi miaka ya 1970. Huandamana na herufi ya mwaka na herufi za jina la fundi. Simba asipokuwapo kwenye chombo cha Kiingereza, usikubali upesi kuambiwa ni fedha tupu, hata kama kuna visanduku vitatu au vinne vilivyopangwa kwa safu. Nasisitiza hili kwa sababu viwanda vya kuchovya vilikuwa na desturi ya kuzigonga herufi zao moja moja, kila moja ndani ya ngao yake, mara nyingine kwa mwandiko wa kale wa mapambo, hata mtu asiyejua akidhani anatazama mihuri ya serikali. Jagi langu liko hivyo hivyo. Nilipolitazama kwa kioo kwa mara ya kwanza moyo ulinidunda, kisha nikazisoma herufi moja baada ya nyingine, nikajua.

Zipo herufi nyingine. EPBM ni metali laini ya bati iliyotiwa antimoni na shaba kidogo kisha ikachovywa, na hii ndiyo pekee ambayo neno bati lingekuwa karibu na ukweli. Utaitambua kwa rangi ya kijivu kama risasi pale ilipochubuka, na kwa jinsi inavyobonyea upesi. Wenye mabuli ya namna hii wasithubutu kuyaweka jikoni. Shangazi yangu aliliweka lake juu ya makaa ili chai isipoe, akaenda kufungua mlango, na aliporudi kitako kilikuwa kimeyeyuka na chai yote imemwagika jikoni. A1 ni alama ya daraja la uchovyaji iliyowekwa na kiwanda chenyewe, wala haina uhusiano na kipimo cha serikali. Nambari 90 kwenye vijiko vya Kijerumani, kama vile vya kiwanda cha WMF, huwadanganya watu wengi wakidhani ni asilimia 90 ya fedha. Maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya vijiko 12 na uma 12 vya mezani, kwa hiyo kila kipande hakifikii hata gramu 4. Msomaji akiipiga hesabu hiyo ataelewa mara moja kwa nini hakuna sonara mwenye akili timamu atakayenunua fedha ya kuchovya ili aiyeyushe.

Umri nao unasomeka. Neno England likigongwa peke yake, kwa kawaida chombo ni cha baada ya 1891, kwa kuwa Marekani ilianza wakati huo kudai kila bidhaa iandikwe nchi iliyotoka. Maneno Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Alama ya umbo la almasi yenye herufi na tarakimu pembeni ni usajili wa mtindo kati ya 1842 na 1883, na kuanzia 1884 ikafuata nambari inayotanguliwa na Rd. Sisi wa huku tuna ishara yetu pia. Anayemiliki kijiko au birika lenye herufi za EAR&H anacho chombo cha shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na kwa kuwa shirika hilo liliundwa 1948, chombo hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo, vyovyote atakavyosimuliwa na muuzaji. Vyombo vya reli, vya meli na vya hoteli vilitengenezwa kwa metali nzito ili vistahimili kuoshwa kila siku, na ndiyo maana vingi vimefika kwetu vikiwa vizima.

Hapa naomba nitoe tahadhari moja, maana nimeshaona vijana wakivitumia vipimo vya kwenye simu wakawaharibia wazee wao. Sumaku haithibitishi fedha. Ikinasa, unajua kuna chuma. Isiponasa, hujajua kitu, kwa sababu fedha, shaba na mchanganyiko wa nikeli zote hazinaswi. Barafu inayeyuka haraka juu ya fedha, lakini inayeyuka haraka juu ya shaba pia. Tindikali ya masonara inahitaji chombo kikwaruzwe kwanza, na chombo cha kuchovya kikishakwaruzwa thamani yake imeshuka hapo hapo. Macho yanatosha: tazama kisigino cha kijiko kinapogusa meza, katikati ya sinia, kingo za miguu na sehemu ya mkono inayoshikwa. Hapo ndipo fedha hulika mwanzo, na rangi inayojitokeza chini yake, ya manjano hafifu au nyekundu au kijivu, inakwambia yote.

Upande wa pili wa jambo hili unaniuma zaidi. Wapo watu wa pwani waliouza fedha tupu kwa bei ya kuchovya kwa sababu tu haikuwa na mhuri. Mafundi wa Lamu, Unguja na Omani walifua mirashi, vyetezo, mitali na visahani kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 zilizotumika katika biashara ya pwani yote, ambazo zina fedha sehemu 833 hivi katika 1,000. Hakuna simba wala nanga juu ya kazi hizo, kwa kuwa fundi hakuwa chini ya ofisi yoyote ya kupimia. Kanuni ya simba ni ya vyombo vya Kiingereza peke yake. Mrashi wa bibi usio na chapa yoyote, uliolika kidogo lakini rangi yake ni ile ile nje na pale ulipolika, usiuzwe kabla haujafikishwa kwa sonara anayeaminika, tena mwenye chombo akiwa amesimama pale pale. Mafundi wa Kachchh huko India nao walileta kazi nzuri sana, na herufi OM juu yake ni za fundi wa Bhuj aliyejulikana, si mapambo.

Nikirudi kwa thamani, nitasema kweli hata kama haitawafurahisha wengi. Fedha tupu ina bei ya chini isiyopungua, nayo ni uzito wake mara bei ya gramu ya siku hiyo, isipokuwa visu, ambavyo mipini yake huwa mitupu na kujazwa lami. Fedha ya kuchovya haina bei hiyo. Thamani yake inatokana na nani alitengeneza, mtindo ni upi, seti imekamilika au la, na imetunzwaje. Vyombo vya kawaida vya chai vya karne ya 20 ni vingi na wanunuzi wamepungua, kwa kuwa watu hawataki tena kazi ya kusugua. Lakini majina kama Elkington, James Dixon & Sons, Mappin & Webb na Walker & Hall huongeza bei, na mtindo uliobuniwa na Christopher Dresser, ambaye alifanya kazi na Elkington, Dixon na Hukin & Heath, unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko chombo cha fedha tupu cha ukubwa ule ule. Mtu akimwendea mnunuzi aende na picha za mihuri, aulize maduka matatu, na atazame bei ambazo minada imelipwa, wala si zile ambazo wauzaji wanaomba.

Ipo pia habari ya pembe za ndovu. Mabuli mengi yana vipande viwili vyeupe kwenye mkono, vilivyowekwa kuzuia joto lisiupande, na visu vya samaki na vya matunda vina mipini myeupe. Viwanda vya Sheffield vilitumia pembe za ndovu kwa wingi mno katika karne ya 19, na Unguja ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya kusafirishia pembe kutoka upande huu wa Afrika, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mpini wa kisu kilichorudi kwetu na Mzungu ulitoka bara yetu wenyewe, mabegani mwa wapagazi. Pembe ya kweli ikitazamwa kwenye ncha iliyokatwa ina mistari myembamba inayokatizana. Plastiki ya zamani ina mistari iliyonyooka sambamba, au haina mistari kabisa. Biashara ya pembe baina ya nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayepatikana nazo bila kibali. Mwenye shaka aulize Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla hajauza na kabla hajapanda ndege na kisu cha marehemu ndani ya mkoba.

Utunzaji nitautaja kwa ufupi. Sisi tulilelewa kusugua shaba kwa ukwaju na majivu, na shaba inapendeza kwa hilo, lakini fedha ya kuchovya ikisuguliwa hivyo Idi baada ya Idi inakwisha yote. Weusi unaoingia ni salfa iliyoshikana na fedha, haiwi kutu. Maji ya moto, magadi ya kuokea na kipande cha karatasi ya alumini chini ya beseni vinauondoa bila kusugua, mradi mipini iliyojazwa lami isizamishwe, kwa kuwa moto huilegeza. Mayai, chumvi na mipira ya kufungia vyote ni adui zake, na upepo wetu wa bahari haumsaidii mwenye chombo, kwa hiyo kifutwe kikauke na kifungwe kwa kitambaa cha pamba. Anayetaka kichovywe upya asimpe fundi wa uchochoroni anayetumia sayanidi nyumbani kwake, maana hiyo ni sumu inayoua, na chombo cha ile kazi ya zamani ya Sheffield kisichovywe upya kabisa.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, ambao wengi wao ni waungwana na wamenifundisha nusu ya haya niliyoyaandika, ni hili: wanaponunua na wanapouza waandike kwenye risiti maneno yale yale, fedha tupu au fedha ya kuchovya, pamoja na herufi zilizogongwa chini. Mwenye kusema kweli hatapungukiwa na kitu, na mjane aliyeleta sinia lake hatarudi nyumbani akiwa amedhulumiwa. Kwa idara inayosimamia vipimo na haki za wanunuzi, naomba wakaguzi wao wavipitie vikaratasi vya bei kwenye madirisha ya maduka kama wanavyozipitia mizani za sokoni.

La mwisho linanihusu mimi. Nilipolirudia dukani buli la mama, nilikuta limeshauzwa. Aliyelinunua, popote alipo, ajue kwamba chini yake, baada ya zile herufi nne, kuna nambari ya mtindo yenye tarakimu nne, na nambari hiyo hiyo iko chini ya jagi la maziwa lililo kabatini kwangu. Simdai chochote. Akiwa tayari kuniuzia nitalipa alicholipa, na asipotaka kuliuza, basi aniandikie kupitia kwako, Mhariri, nimpelekee jagi ili vikae pamoja.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mji wa Kale, Mombasa